Kiingereza Kilichopitia kwa Mfaransa

Wadogo zangu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na ninyi mnaolala Kamembe mkivuka Ruzizi kila asubuhi,

Tangu nigusie habari ya barua za kuomba kazi, maswali hayaishi. Swali ni moja, waulizaji ndio wengi: "Yaya, nipe orodha ya makosa ya Kiingereza yanayowaudhi watu, niyakariri kabla ya testi." Najua haraka yenu inatoka wapi. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa jumuiya hiyo, uliotiwa saini mwaka 1999, uliandika Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ng'ambo ya mto, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha shuleni kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana wa kule mnayegombania naye nafasi amekua nacho darasani. Halafu kuna mashirika yetu ya Muhumba na Nguba: biro iko hapa, lakini ripoti inasomwa Nairobi, Geneva au Washington.

Orodha mnazozitaka zipo tele, tayari wengi mnazo kwenye simu. Tatizo ni kwamba hazikuandikwa kwa ajili yenu. Zimeandikwa na Waingereza na Wamarekani waliochoshwa na ndugu zao wenyewe. Mtoto wa London anaipata lugha kwa sikio miaka mingi kabla ya kushika kalamu, ndiyo maana akianza kuandika anachanganya "your" na "you're", "its" na "it's", "there" na "their". Masikioni kwake ni sauti moja. Wengine wanaandika "could of" mahali pa "could have", kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyoisikia. Wewe Kiingereza umekionea ubaoni, kwa chaki, kabla hujakisikia kwa mtu. "Could of" hujawahi hata kuiota. Kukariri orodha ya namna hiyo ni kunywa dawa ya kikohozi huku unatetemeka kwa malaria.

Ugonjwa wetu una njia yake. Kiingereza chetu kinapitia kwa Mfaransa kabla hakijafika mdomoni, na nyuma ya Mfaransa kuna Kiswahili, na kwa wengi wetu nyuma ya Kiswahili kuna Mashi. Katika kila mlango kinachukua kitu.

Kabla sijaingia huko, niondoe kwanza hofu ambayo haina kazi. Mmoja wenu ameambiwa na mwalimu kwamba sentensi ya Kiingereza haimalizwi kwa maneno kama "with" au "for", na sasa anaogopa kuandika hata mstari mmoja. Mdogo wangu, lala usingizi. Wafaransa wana akademia yao ya lugha tangu 1635, Waingereza hawana. Kanuni zao nyingi zimezaliwa na mtu mmoja aliyekasirika siku moja. Hiyo ya kumaliza sentensi watu huihesabu kuanzia kwa mshairi John Dryden, aliyemlaumu kwayo Ben Jonson mwaka 1672, wakati Jonson amekwisha kufa zamani na hawezi kujitetea. Ile ya kutaka "fewer" badala ya "less" kwa vitu vinavyohesabika inatoka kwa Robert Baker, mwaka 1770, naye aliitoa kama maoni yake tu: aliona hivyo ni vizuri zaidi. Waliokuja nyuma yake ndio walioigeuza sheria. Na Fowler, ambaye kitabu chake cha 1926 wenye Kiingereza chao walikishika kama msahafu, aliihesabu hiyo hofu ya kumaliza sentensi kuwa ushirikina. Usipoteze jioni zako kwa ushirikina wa watu wengine. Tuna wetu.

Twende kwenye barua, maana ndiko mnakoanguka kabla hamjaonekana uso.

Barua ya Kongo ina adabu yake tuliyorithi. Tunaanza na heshima ya kuja mbele ya wema mkuu wa bwana mkubwa, tunaomba, tunamalizia kwa kumsihi apokee hisia zetu bora kabisa. Kwa Kifaransa inapendeza, sefu akiisoma anajua umelelewa. Sasa mtu anaichukua hivyo hivyo, neno kwa neno, anaandika: "I have the honour to come near your high benevolence." Mwingereza anasoma mtu anayetaka kumsogelea. Halafu chini kabisa: "Please accept the expression of my distinguished feelings." Huyo mkuu wa ajira hajui kama unaomba kazi au unaposa.

Heshima ya Kiingereza iko katika ufupi. "I am writing to apply for" halafu jina la kazi, basi. Usione aibu, hujamvunjia mtu adabu. Kama umeanza na "Dear Sir" au "Dear Madam" bila jina, Waingereza wanamalizia "Yours faithfully". Ukiwa umetaja jina lake, wanamalizia "Yours sincerely". Hakuna hisia zinazotumwa kwa mtu yeyote.

Katikati ya barua ndimo mna mitego yenyewe. Kifaransa na Kiingereza vina maneno yanayofanana sura kama mapacha, lakini hayafanani tabia. Baadhi yanachekesha tu. Ukiandika ulifanya "stage" hospitalini, msomaji anaona jukwaa, na wewe juu yake ukiimba, andika "internship". Ukiandika ulikuwa "animator" wa vikundi vya akina mama kule Walungu, anadhani unachora katuni. Atacheka, ataelewa, ataendelea kusoma. Hayo tusiyalilie.

Ninayoyaogopa ni yale yanayokufanya mwongo bila wewe kujua. "Passer un examen" kwa Mfaransa ni kuufanya mtihani. "To pass an exam" kwa Mwingereza ni kuufaulu. Umeandika "I passed the exam in June", matokeo bado hayajatoka, halafu mtu wa ajira anaomba cheti. Utamwelezaje? Neno lako ni "I sat the exam" au "I took the exam". Na diploma zetu pia. Nimewaona wanaoandika "I am licensed in Law" kwa sababu wana "licence". Kwa Kiingereza hiyo inasikika kama una kibali cha kufanya kazi ya uwakili. Ushauri wangu, na hapa siyumbi: jina la diploma liache kwa Kifaransa kama lilivyo kwenye karatasi, kisha eleza kwa maneno machache ulisoma miaka mingapi. Licence ya zamani, ile ya kupitia graduat, ilichukua miaka mitano jumla. Ya mfumo wa LMD ni miaka mitatu. Mtu wa Nairobi hawezi kukisia, na akikisia atakupunguzia.

Yapo pia yanayokufanya mkorofi. "Je vous demande" ni maneno ya upole kabisa. "I demand" ni mtu aliyegonga meza. Ukimwandikia shirika "I demand you to send me the answer", umewaamuru. "I would like to ask" ndiyo inayobeba ile "naomba" yetu. Hata "ignore" ichungeni: umeulizwa jambo hulijui, unajibu "I ignore it" kama Mfaransa anavyosema "je l'ignore". Aliyeuliza amesikia unampuuza. Sema tu "I don't know", kisha ongeza namna utakavyolitafuta jibu. Kutokujua si dhambi.

Na "deception", jamani. Mtu anaulizwa kwa nini aliacha kazi ya kwanza. Anataka kusema alivunjika moyo, anasema "I had a big deception there." Upande wa pili wa meza wamesikia ulaghai. Wanaanza kujiuliza: nani alimlaghai nani, na pesa za mradi zilikuwa wapi? Hakuna atakayekuuliza wazi. Wataandika kitu pembeni, na wewe utashangaa kwa nini simu haikupigwa. Kuvunjika moyo ni "disappointment". Lirudie mpaka lizoee ulimi.

"Actually" na "eventually" nitazipitia haraka, ingawa zinatumaliza wengi. Ya kwanza si "actuellement". Kwa sasa ni "currently". Ya pili si "éventuellement". Mtu wetu akisema "I will eventually come on Monday" anamaanisha labda atakuja. Mwingereza amesikia kwamba mwishowe atakuja, anaweka kiti.

Tumemsema sana Mfaransa. Naye Mswahili ana madeni yake, na moja ni kubwa kuliko yote niliyotaja.

Usaili unafanyika kwa simu. Aliye Nairobi anauliza: "So you have never managed a budget?" Kwa Kiswahili tukiulizwa "Hujawahi kusimamia bajeti?" na ni kweli hatujawahi, tunajibu "Ndiyo", maana yake ulivyosema ndivyo ilivyo. Tunamkubalia muulizaji. Kiingereza hakimjali muulizaji, kinaangalia jambo lenyewe: kama hujafanya, ni "no", hata swali lingegeuzwa mara ngapi. Kwa hiyo umesema "yes", yeye amesikia umewahi. Anauliza bajeti ya kiasi gani, unanyamaza, na hapo unaonekana mtu aliyebanwa na uongo wake. Cha kushangaza, hapa Mfaransa angekuokoa, kwa sababu "non" yake inaelekea upande ule ule wa "no", na akitaka kupinga ana "si". Lakini simu ikilia na moyo ukidunda, hakuna anayekumbuka Kifaransa. Kiswahili cha nyumbani ndicho kinachotangulia. Dawa ni kutojibu neno moja. Sema sentensi nzima: "No, I haven't", au "Yes, I have, in 2021". Ukimaliza sentensi, hata ukianza vibaya utakuwa umejirekebisha njiani.

Na kwa kuwa tuko kwenye simu ya Nairobi: saa yao imetangulia yetu kwa saa moja. Wakikuambia saa nne asubuhi bila kutaja ya wapi, uliza. Si sarufi, lakini imewakosesha watu nafasi.

Kuna makosa ambayo Kiswahili na Kifaransa vinatusukumia pamoja, kimoja kushoto kimoja kulia, na hayo ndiyo magumu kuyang'oa. "Nina miaka 27." "J'ai 27 ans." Nani atakayekuzuia kusema "I have 27 years"? Kwa Kiingereza umri si kitu cha kumiliki, ni hali: "I am 27." Vivyo hivyo "nafanya kazi hapa tangu 2019". Kiswahili kinatumia wakati uliopo, Kifaransa nacho kinatumia wakati uliopo, nawe unaandika "I work here since 2019". Inaudhi sikio lao, lakini wanaelewa. Hatari inaanza unapojaribu kuirekebisha kwa haraka na kuandika "I worked here". Hapo umeshaacha kazi. Sahihi ni "I have worked here since 2019". Na ukitaja urefu wa muda badala ya mwanzo wake, ni "for five years", si "since five years".

Halafu "his" na "her". Hapa kuna mdogo wangu mmoja wa Panzi aliyeniandikia kwa uchungu, amechekwa mbele ya watu kwa kusema "my brother and her wife". Ngoja nikueleze kilichotokea kichwani mwako, uone kwamba si ujinga. Kiswahili kina "yake" moja kwa wote, Mashi nayo haitenganishi mume na mke katika neno hilo. Ukafika shuleni, Mfaransa akakufundisha kutenganisha, lakini kwa njia yake: "sa femme", kwa sababu mke ni wa kike, "son mari", kwa sababu mume ni wa kiume. Anaangalia kinachomilikiwa. Mwingereza anaangalia mwenye mali. Kaka yako ni mwanaume, basi kila kilicho chake ni "his": his wife, his mother, his daughter. Dada yako, kila kilicho chake ni "her": her husband, her son. Kwa hiyo ulikuwa na kanuni, tena uliifuata sawasawa. Ilikuwa kanuni ya nyumba nyingine tu. Fanya hivi jioni: chukua picha za harusi zozote mlizo nazo nyumbani, eleza kwa sauti nani ni nani wa nani. Hutamaliza picha tatu kabla kichwa hakijageuka.

Yale ya "informations", "advices", "equipments" na "furnitures" yanawaudhi sana wahariri wa ripoti. Kwa Kiingereza maneno hayo hayachukui wingi, basi. Ondoa hiyo "s". Hayajawahi kumnyima mtu kazi kwa nijuavyo mimi, na nawaambia wazi kwamba nikiwa na saa moja ya kumfundisha mtu, sitatumia hata dakika tano hapo.

Wapi mtajifunzia? Wanaosoma Kiingereza kule ISP, chuo cha ualimu, wapo mitaani mwenu, wengi wanatafuta mtu wa kuongea naye kuliko mnavyodhani. Msiwaulize orodha. Mwandikie mmoja wao barua ya nusu ukurasa, kisha mwambie akusomee akieleza kwa Kiswahili alichoelewa. Pale anapoeleza kitu ambacho hukukusudia, hapo ndipo penye kosa lako. Njia hii haihitaji hata mega moja ya intaneti.

Nimebakiza swali moja, la yule anayefanya kazi kwenye shirika dogo na sefu wake anaandika Kiingereza cha kutisha. Anauliza: amsahihishe, au anyamaze? Nimelifikiria. Kumsahihisha mtu mbele ya wenzake, hata uwe na haki, unamvua nguo. Ninyi wenyewe mmefika Dar es Salaam mkasema "batoto banalia" na mkaona watu wanavyoangaliana. Mliwaelewa vizuri na wao waliwaelewa vizuri, lakini mazungumzo yalikuwa yameshakufa. Kwa hiyo "informations" ya sefu iache ilale. Sentensi aliyoimaliza kwa "with", iache.

Lakini kuna kosa ambalo halisubiri adabu, nalo ni la tarakimu. Sisi tunaandika dola 1.500 kwa nukta, kama Wabelgiji walivyotufundisha. Msomaji wa Kiingereza akiiona hiyo nukta anasoma dola moja na nusu. Elfu moja na mia tano kwake ni 1,500, kwa mkato. Na "milliard" ya Kifaransa kwa Kiingereza ni "billion", wakati "billion" ya Kifaransa ni kubwa mara elfu zaidi, wao wanaiita "trillion". Ukiona hilo kwenye bajeti yake, inuka. Mfuate mezani kwake akiwa peke yake, mwambie "sefu, naomba tuangalie nukta hizi pamoja", kabla hajaituma.